Kila Dirisha na Mahali Pake

Mwalimu wangu wa kompyuta alikuwa mtu wa hasira. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtu akishaondoka sisi humpaka asali, na yeye asali hakuitaka hata kwenye chai. Alikasirikia vumbi. Alikasirikia stima ikipotea na alikasirikia stima ikirudi kwa kishindo. Alimkasirikia mwanafunzi anayesukuma kiti kwa mguu badala ya kukiinua. Lakini hakuna kilichompandisha mori kama mtu kumhamishia madirisha.

Sisemi madirisha ya nyumba. Chuo chetu kilikuwa ghorofani juu ya duka moja la Machakos mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na madirisha ya ukutani yalikuwa mawili tu, moja halifunguki. Nasema vile visanduku vya kwenye skrini. Anayeandika programu hutumia edita, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, na huigawa skrini vipande vipande ili aone kazi zake kadhaa kwa pamoja. Mwalimu alikuwa na vipande vinne, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Juu kushoto ilikaa programu anayoiandika. Chini kushoto yalikaa majaribio, pamoja na orodha ya wanafunzi wa kubuni aliowapa majina ya mbuzi wa kwao Mwala. Juu kulia aliweka maelezo yake. Chini kulia zilikaa alama za kweli za chuo kizima, kwa maana yeye ndiye aliyeunda programu ya kuziweka na kila saa kulikuwa na mwalimu mlangoni anayetaka moja irekebishwe.

Sasa programu ikigoma, kuna programu nyingine ya kuichunguza hatua kwa hatua mpaka kosa lionekane. Sisi tuliiita debaga. Ile debaga ilikuwa na tabia ya mgeni asiye na adabu. Ukiifungua inakuja na madirisha yake, inakatakata skrini inavyotaka. Ukiifunga inaenda zake bila kukurudishia mpangilio wako. Unakuta dirisha moja limenenepa, jingine limemezwa, jingine limehamia upande wa pili. Mwenye macho anaangalia, anaguna, anapanga upya, basi.

Mwalimu hakuwa na macho. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula pembeni kwanza ukija katikati pole pole bila maumivu, na wakati ninaouzungumzia alikuwa amebakiwa na kitundu tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Skrini nzima hakuiona. Aliona maneno machache kwa wakati mmoja, na mengine yote aliyajua kwa mahali. Alijua kwamba chini kushoto ni majaribio kama wewe unavyojua mlango wa jikoni kwenu. Mpangilio ukikaa sawa, yeye ni mwalimu na ana mshahara na watoto wake wanasoma. Ukivurugika, ni kipofu. Hilo ndilo lililokuwa mezani kwake kila asubuhi, na katika chuo kile hakuna aliyelijua. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa msaidizi wake darasani, na sikujua.

Tulichojua ni sheria yake. Kulikuwa na vitufe vya kubonyeza ili edita ihifadhi mpangilio, na vitufe vya kuurudisha. Kabla ya kufungua debaga lazima ubonyeze vile vya kwanza, kisha useme kwa sauti, darasa zima lisikie: "Nimeweka." Ukimaliza kazi na kufunga debaga, unabonyeza vile vya pili na kusema: "Nimerudi." Fikiria darasa zima la watu wazima, wengine wana ndevu, wengine wana watoto nyumbani, wakisema nimeweka, nimerudi, nimeweka, nimerudi, kutwa nzima. Waliokuwa wakipita ngazini walidhani tunasali.

Usiposema, alikuja mpaka kwako na kuzima mashine. Hakukuuliza kama umehifadhi kazi.

"Umeingia kwa shimo bila kamba," angesema. "Sasa toka."

Tulimwiga sana. Tukienda kula isyo, yale mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, kule nyuma ya soko, mmoja wetu akiinuka kwenda chooni alisema "Nimeweka," na akirudi mezani alisema "Nimerudi," na tulicheka mpaka mwenye hoteli akatuambia tulipe tuondoke. Siku hizi nikikumbuka kile kicheko nakiona kibaya, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya.

Mjini walisema ana maringo. Ungekutana naye barabarani, uso kwa uso, umpungie mkono, na yeye apite tu kama amepita nguzo. Ukimwita, anageuka na uso wote unafunguka: "Aa, ni wewe! Wi museo, mwiitu?" Wi museo ni hujambo kwa Kikamba na mwiitu ni binti, na aliniita hivyo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa hiyo watu walisema anachagua wa kusalimia. Wazee wa kanisani kwake walifika hadi kumweka kikao juu ya hilo, wakamwambia msomi asiyesalimu watu ni sawa na mti usio na kivuli. Aliwaomba msamaha. Alikubali kuitwa mwenye kiburi, mbele ya watu, kuliko kusema lile neno moja ambalo lingemwondolea lawama.

Shati lake lilikuwa limekosewa vifungo siku nyingi kuliko siku ambazo halikukosewa. Sisi wasichana tulisema mke wake hamjali. Mungu atusamehe.

Mtu mmoja tu nafikiri alikuwa amemsoma. Duka lililokuwa chini yetu lilikuwa la mzee wa Kisomali aliyeuza vitambaa, redio na blanketi, na Mwalimu alishuka pale saa nne kunywa chai ya maziwa yenye viungo. Mara nyingi nilitumwa kumwita. Nilimwona yule mzee akiweka kikombe mezani kwa sauti, tak, kila mara pembe ileile, karibu na mkono wa kulia wa Mwalimu, kisha akisema, "Chai hii hapa, maalim," hata kama Mwalimu alikuwa akimtazama. Nilidhani ni desturi ya kwao. Hawakuwa watu wa maneno mengi wale wawili, na nadhani ile nusu saa ndiyo aliyopumzika katika siku yake yote.

Alikuwa na ukali wa kuumiza, sitaficha. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi aliwahi kusogeza vitu vya mezani kwake ili apanguse vumbi, vumbi lilelile alilokuwa akilichukia, kisha akavirudisha, lakini si mahali pake hasa. Mwalimu aligonga kibodi kwa mkono, kibodi ikaanguka, na alimfokea yule mama mbele yetu mpaka akalia, akijifuta kwa leso yake. Tulinuna siku nzima. Jumatatu iliyofuata alikuja na gunia dogo la mbaazi kutoka shambani kwake, akaliweka mlangoni pa kile kichumba cha mifagio, na hakusema limetoka kwa nani. Yule mama alilichukua. Aliniambia, "Huyu mtu anaogopa kitu." Nikamwambia anaogopa kusema pole. Nilijiona mwerevu.

Na bado wale waliokuwa wazito darasani aliwavumilia kuliko mwalimu mwingine yeyote niliyewahi kumwona. Angeketi na mtu mmoja juu ya kosa moja alasiri nzima. "Kompyuta haina haraka," alisema, "wewe ndio uko na haraka." Jingine alilopenda lilikuwa hili: "Kosa ukilificha linazaa." Aliyekosea akasema, alisaidiwa. Aliyekosea akafunika, aliwekwa nje. Mimi mwenyewe aliwahi kunitoa nje kwa kufuta ujumbe wa kosa kabla hajafika kwangu, na nikasimama pale ngazini nikinusa blanketi mpya za yule Msomali, nikiapa kwamba nikija kuwa mwalimu sitakuwa kama yeye. Mtu huyohuyo alikuwa na kosa moja kubwa mwilini mwake, na alilifunika kwa miaka.

Siku yake ilikuja na wageni. Walikuja wakubwa wa bodi ya chuo, na mkuu wa chuo, mtu mpole aliyependa kuonekana, akawaleta darasani kwetu waone kompyuta zinavyofanya kazi. Ile programu ya alama ilikuwa na kosa dogo wiki ile: ilipunguza wastani wa waliofanya masomo saba.

"Mwalimu atawaonyesha vile kosa hutafutwa," mkuu alisema. "Karibu, Mwalimu, tuonyeshe."

Alianza vizuri. Aliketi wima, na vidole vyake vilikuwa na mbio ambayo sisi hatujaifikia mpaka leo. Alieleza madirisha yake manne. Mmoja wa wageni akauliza swali, Mwalimu akajibu huku mikono ikiendelea, na akafungua debaga akiwa bado anajibu. Hakuwa amesema "Nimeweka."

Darasa zima lilisikia kimya kile. Tulitazamana. Mmoja nyuma aliguna kwa utani, na nadhani guno lile ndilo lililomzindua, kwa sababu alisimama kidogo katikati ya neno, kisha akabonyeza vile vitufe na kusema kwa sauti, kama sheria inavyotaka, "Nimeweka." Tukatulia. Mimi pia nilitulia, nikaona sheria imetimizwa.

Lakini debaga ilikuwa imeshafunguka. Alichokihifadhi kilikuwa ile fujo ya debaga.

Akaendelea. Akalifuata kosa hatua kwa hatua akiwaeleza wageni kila hatua, akalipata, akalirekebisha, na wageni wakapiga makofi. Mkuu wa chuo alikuwa ameng'aa uso. Mwalimu akafunga debaga, akabonyeza vitufe vya kurudisha, akasema, "Nimerudi." Skrini ikamrudishia alichoiwekea. Juu kushoto ilikuwepo programu, na pale ndipo alipopitishia kile kitundu chake cha kuonea, akaridhika. Chini kushoto, mahali pa majaribio, ziliketi alama za kweli.

"Sasa nafuta hawa wanafunzi wa uongo, tuanze upya," akasema. Mkono ukaenda chini kushoto. Akaandika amri ya kufuta. Mashine ikauliza kama ana hakika, na akajibu ndiyo kabla hata swali halijakaa vizuri kwenye kioo.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo si ile ya majaribio."

Akageuza uso kwangu. Si kwa skrini, kwangu.

"Iko chini kushoto," akasema.

"Chini kushoto kuna alama, Mwalimu."

Ndipo alipoinama. Aliipeleka pua yake karibu kabisa na kioo, akaanza kukisogeza kichwa kutoka kona moja hadi nyingine, pole pole, kama mtu anayenusa chakula kujua kama kimechacha. Mahali alipohitaji kutazama mara moja tu, yeye alisafiri. Wageni walimwona. Sisi tulimwona. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka, na ile ndiyo siku niliyomwona.

Hakuna aliyepiga kelele. Mkuu wa chuo aliwaomba wageni watangulie ofisini kwa soda. Kisha akamsogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, uko na macho kweli?"

"Niko na kazi," Mwalimu akajibu.

Nakala iliyokuwepo ya zile alama ilikuwa ya zamani, na walimu wote walilazimika kuingiza upya muhula mzima kutoka kwenye karatasi zao, wale waliokuwa bado nazo. Walinung'unika. Wapo wanafunzi waliofanya mtihani upya. Yeye akapelekwa kupimwa macho, majibu yakaja, akaambiwa akapumzike. Neno lilikuwa hilo, kupumzika. Karani wa ofisini akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mtu akatikisa kichwa kana kwamba wamepata mahubiri. Nilitaka kumzaba kofi.

Nilimsindikiza hadi stendi ya magari ya Mwala na katoni yake ya vitabu. Nilimshika mkono na hakuutoa. Njiani aliniambia yote: kitundu, matone ya dawa yasiyosaidia, daktari aliyesema kilichopotea hakirudi, mke wake aliyekula kiapo cha kunyamaza.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema," akajibu, "wangenipa ruhusa ya kwenda nyumbani."

Gari lilipojaa akaniuliza kama anga imefunga, kama kuna dalili ya mvua. Jua lilikuwa kali, halina huruma. Nikamwambia hapana. Akasema haya, akaingia, na mlango ukafungwa.

Miaka ilipita. Nilipata kazi Nairobi ya kuandika programu, na edita niliyoitumia ilikuwa ileile ya mwalimu wangu, na debaga ilikuwa na utovu wa adabu uleule. Siku moja ilinichosha. Nikaandika mistari michache: debaga ikiitwa, kabla haijafungua dirisha lake la kwanza, mpangilio wote unahifadhiwa wenyewe. Ikifungwa, kila dirisha linarudi mahali pake. Hakuna cha kukumbuka, hakuna cha kusema. Nilianza baada ya chakula cha mchana na nikamaliza kabla ya watu kutoka kazini. Nikajaribu, ikakubali. Nikafunga debaga, madirisha yakarudi yote manne kama hayajawahi kuguswa, na nikaketi pale nikiyatazama, na roho ikaniuma vibaya sana.

Mwisho wa mwezi nilienda Mwala. Kulikuwa kumekauka. Mke wake alinipokea uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa haoni hata mwanga, na kwamba siku nyingine hukaa bila kusema neno hadi jioni. Kisha akapaza sauti: "Baba, mwanafunzi wako amekuja."

Alikuwa ameketi barazani amenyooka vilevile, shati limefungwa sawasawa.

"Wi museo, mwiitu," akasema, kabla sijafungua mdomo.

"Ni museo, Mwalimu."

Tuliongea habari za mvua, za mbuzi, za watoto. Mmoja wa wake alikuwa ameacha shule mwaka ule Mwalimu alipotoka kazini, na sasa alikuwa akichimba mchanga mtoni. Alilisema hilo bila kupunguza sauti. Mke wake akaleta chakula. Kisha Mwalimu akauliza alilokuwa akilingoja.

"Ile debaga. Bado inapangua?"

Nilikuwa nimekwenda kumpa ile habari kama zawadi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamweleza, na akasikiliza kichwa kimeinama upande, kama alivyosikiliza mwanafunzi anayekaribia jibu.

"Mpangilio inauchukua saa ngapi?"

"Kabla haijafungua dirisha lake hata moja."

"Kabla," akarudia. "Na mtu akisahau?"

"Hana cha kusahau. Inafanya yenyewe."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vidole vilisogea kidogo, kushoto, kulia.

"Mistari ni mingi?"

"Kiasi, Mwalimu."

"Na mashine zetu zile, za juu ya duka. Zingeweza?"

Mke wake alikuwa akipita mlangoni na sahani mkononi. Aliacha kutembea. Zingeweza. Zilikuwa na edita hiyohiyo, na kitu nilichokiandika hakikuhitaji zaidi ya kile zilichokuwa nacho. Ningemwandikia mwenyewe kwa alasiri moja, nikiwa mwanafunzi, kama angeniambia tu, na angekuwa pale miaka mingine, pengine hadi mtoto wake amalize shule. Mtu huyu alinifundisha kutofunika kosa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Zile hazingeweza. Zilikuwa na nguvu ndogo."

Alinielekezea uso wake. Kisha akavuta pumzi, mabega yakashuka.

"Afadhali," akasema.